Sifa za Kibanda Umiza

Wafalme wamesifiwa na washairi waliokula katika sahani zao, ngamia na jahazi wametungiwa tenzi, hata embe na tende zimepata wa kuzitukuza; lakini kibanda umiza, kile chumba cha mabati na maturubai ambamo wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hutoa fedha yao ya halali ili waumizwe migongo huku wakitazama mpira na sinema, hakijapata hata leo mtu wa kukisemea neno la heri. Nimejitwika kazi hiyo bila ya kuajiriwa na mwenye kibanda yeyote, isipokuwa kwamba mara kwa mara nimekaribishwa benchi la mbele, nalo ndilo baya kuliko yote.

Nianze na benchi lenyewe. Ni ubao mmoja mwembamba uliogongomewa juu ya vigingi viwili, hauna egemeo, na fundi aliyeuranda, kama kweli aliuranda, aliacha vibanzi vya kutosha kumkumbusha mkaaji kwamba mti ulikuwa na uhai. Juu ya kichwa kuna mabati yanayotema joto la Novemba, na feni, ikiwapo, huelekezwa kwenye runinga wala si kwa watu, kwa hoja isiyopingika kwamba watu wakizimia watapatikana wengine. Mwenye kuona karibu ataziita hizi adha. Mimi naziita adabu. Nimewaona watu wakisinzia katika mikutano ya hadhara, na, Mola atusamehe, hata katika hotuba ya Ijumaa. Walakini sijapata kumwona aliyesinzia kibandani, kwa kuwa benchi halitoi ruhusa hiyo. Na madhali ubao ni mmoja, mwalimu mkuu, karani wa chama cha msingi, mchimba madini na kijana wa bodaboda hukaa bega kwa bega kwa hadhi iliyo sawa, wakainuka pamoja na kuketi pamoja, kwani akiinuka wa ncha moja bila ya taarifa, wa ncha ya pili huenda chini.

Isidhaniwe kwamba twasifu kitu kidogo kwa sababu hatujaletewa vikubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliichagua Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, iwe mahali pa ule mradi mashuhuri wa karanga uliokusudiwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Wakaja wataalamu, yakaja matrekta, ikatandikwa reli na kuanzwa bandari Mtwara, na mradi ulipotupwa mwanzoni mwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Kibanda umiza hakikuletwa na tume wala mtaalamu. Mtu mmoja aliyeuza ufuta wake vizuri alinunua runinga, king'amuzi na spika yenye mkoromo, akaazima mabenchi ya msibani ambayo hayajarudishwa, akafungua. Mlangoni pake huketi mama mwenye beseni la karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi za daftari, naye hurudi nyumbani na beseni tupu. Nathubutu kusema kwamba hizo ndizo karanga ambazo Waingereza walikuwa wakizitafuta.

Hata sinema yenyewe tulikwisha letewa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, filamu za mafunzo juu ya kilimo bora na afya, zikazungushwa kwa lori nchi hii na jirani zake ili Mwafrika azitazame na kuelimika, wala hakuulizwa angependa kuona nini. Kibandani mtazamaji huulizwa kila siku, maana asiporidhika hudai fedha yake kwa sauti.

Kuhusu muziki nitasema machache, kwa sababu hausikiki vizuri. Spika ya nje hupiga singeli tangu alasiri ili kuwaita watu, na miezi ya jando na unyago, ngoma zinapolia mtaa wa pili, mwenye kibanda huongeza sauti, wapiga ngoma nao huongeza nguvu, na sisi tuliopanga nyumba katikati tukafaidi miziki miwili pasipo kulipa hata mmoja.

Lakini johari ya kibanda ni mfasiri. Tangu sauti ya mfasiri Lufufu ilipoenea nchini, kisha wakamfuata wengi wanaojiita madijei, sinema ya Hong Kong au ya Mumbai haifiki Ruangwa ikiwa bubu. Mfasiri huyu hakufungwa na kamba ya matini. Mashujaa huwapa majina ya mtaani, maadui huwatukana kwa niaba yetu, na mahali mtunzi alipoacha fumbo yeye hulifumbua papo hapo, akatuambia mapema nani atakufa ili tusipoteze huruma yetu kwa mtu asiyestahili. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, kisha, asiridhike, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mfasiri wetu humaliza kazi kwa usiku mmoja, wala hajapata kuona haja ya kusahihisha.

Ithibati ya yote haya tuliipata kwa Namungo. Klabu hiyo ya Ruangwa iliingia Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya kombe la shirikisho la nchi na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1, na kwa njia hiyo ikajikuta katika Kombe la Shirikisho la Afrika, kundi moja na Raja ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Timu ni ya Ruangwa na Uwanja wa Majaliwa uko Ruangwa, ila mechi za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, hata ikawa mkazi wa Ruangwa hana pa kuiona timu yake isipokuwa juu ya ubao ule ule. Namungo ilipoteza michezo yote sita ya kundi. Aliyeyapata machungu hayo juu ya kochi aliyapata moyoni tu. Wa kibandani aliyapata moyoni na kiunoni, na alipotoka akichechemea alikuwa na kitu cha kusingizia.

Wapinzani wana hoja zao, na insafu yanitaka nizitaje. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, nazo nyingi za kibandani zimekaguliwa na mfasiri peke yake. Hilo naweza kulipakaza asali. Hoja ya watoto ndiyo hunikausha koo: yupo mwenye kibanda afunguaye saa nne asubuhi siku ya Jumanne na kumpokea mtoto aliyeficha sare ya shule ndani ya begi. Huyo simsifu, namwachia mtendaji wa kata.

Imebaki fadhila moja, nayo ni giza. Umeme wa Lindi na Mtwara ulitegemea kwa miaka mingi mitambo ya Mtwara iendeshwayo kwa gesi ya Mnazi Bay, na mitambo ilipopumzika, kusini kote kulipumzika. Basi hutokea dakika ya themanini, timu zikiwa sare, penalti imetolewa, mpigaji amekwisha rudi nyuma hatua tatu, runinga ikazimika. Mtandao wa simu nao ukisuasua, watu arobaini hubaki gizani wakitafuta jawabu kwa juhudi zao wenyewe. Wa benchi la mbele aliona kipa akianza kwenda kushoto. Wa nyuma, ambaye hakuwa akiona kitu tangu mwanzo, anaapa kwamba mpira aliuona wavuni. Kufika asubuhi sokoni pana matokeo matatu, kila moja lina mashahidi wake na mfungaji wake. Bwana mmoja mwenye jenereta, aliyeutazama mchezo kwake mpaka kipenga cha mwisho, alipojaribu kusema kwamba penalti ilipaa juu ya goli, aliulizwa alikuwa na nani. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, ushahidi wake haukupokelewa.