Jinsi ya Kufufua Wimbo kwa Kuongeza Megabaiti

Mahitaji ni kompyuta, programu ya bure ya kugeuza mafaili, na mteja mwenye nyimbo za zilipendwa kwenye flashi. Kipaji hakihitajiki. Masikio nayo si lazima. Yanaweza hata kukuharibia kazi.

Mteja bora ni mzee aliyecheza dansi enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mjukuu amemjazia nyimbo zile, na sasa analalamika kwamba matoazi yanachuruzika na saksafoni imepoa. Anasema kweli, kwa hiyo usibishane naye. Fungua faili, guna kidogo, kisha sema: “Mzee wangu, hii ni MP3 ya kilobiti 128. Wameibana mno. Lakini ondoa shaka, sauti nakurudishia.”

Geuza faili liwe WAV. Wimbo wa dakika tano uliokuwa na megabaiti 4.8 utafika karibu 53. Mwonyeshe hiyo namba kwenye kioo, spika usiiguse. Ni kilo ileile ya mchele, imetolewa kwenye mfuko wa rambo ikatiwa kwenye gunia, na mteja anakulipa kwa gunia.

Ukiona mfuko wake unaruhusu, mpandishe daraja: sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24. Wimbo uleule sasa una megabaiti kama 173. Faili la namna hii lina nafasi ya sauti zenye mitetemo hadi 48,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana huishia kwenye 20,000 na la mzee chini zaidi ya hapo. Nafasi iliyobaki umemuuzia popo, na popo mwenyewe akija atakuta patupu.

Mjukuu atadai FLAC, maana amesikia kwamba FLAC haipotezi kitu. Mpe. Haipotezi kweli: inatunza kila ulichoiingizia, mapengo yakiwemo.

Kuna swali moja la kukwepa: sauti inarudi kutoka wapi? Jibu lake ni sumu kwa biashara. MP3 iliundwa ili itupe. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa Taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walitumia udhaifu wa sikio: toazi likipigwa kwa nguvu, visauti vidogo vilivyo jirani yake havisikiki wakati huo, basi vya nini kuvihifadhi? Kwenye kilobiti 128, data zinazobaki ni kama sehemu moja kati ya kumi na moja za CD. Visauti vilivyoachwa havikuandikwa popote ndani ya faili. Na hawakukata ovyo. Brandenburg aliurudia na kuurudia wimbo wa Suzanne Vega, “Tom's Diner”, kwa sababu sauti ya mwimbaji peke yake, bila ala, ilikuwa inaumbua kila kasoro. Wewe kazi yote hiyo unaitengua kwa kubofya mara moja.

Adui yako mkubwa ni picha. Mteja akilifungua faili kwenye programu ya Audacity na kuchagua spektrogramu, yaani mchoro wa mitetemo ya sauti, umekwisha. Chini ataona besi na magitaa yanawaka. Juu kidogo, mng'aro wa matoazi unapanda, unapanda, na mara nyingi karibu na mitetemo 16,000 unakatika ghafla kwenye mstari ulionyooka kama wa rula. Juu ya mstari ni weusi mtupu. Akifungua la WAV, mstari ni uleule. La biti 24 nalo ni hivyohivyo, ila weusi umeongezewa kiwanja. Ukibanwa, sema ndivyo walivyokuwa wakirekodi zamani.

Siku hizi zipo pia programu za akili bandia zinazoujaza weusi huo. Hizi zinakisia. Matoazi yatang'aa kweli, ila mpiga ngoma wa Morogoro hakuwahi kuyapiga hivyo. Toza zaidi, kwani angalau kuna kitu kimeongezwa.

Na chondechonde, usimkumbushe mzee kwamba nyimbo nyingi za dansi za miaka ile zilirekodiwa kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingine zikatoka kwenye santuri za Nairobi. Akiipata santuri yenyewe, hata yenye mikwaruzo, na mtu akairekodi moja kwa moja kwenda FLAC, hatakuwa na haja na wewe.

Hatimaye atarudi kulalamika kwamba flashi imejaa na redio ya gari haiyasomi yale mafaili makubwa. Mpokee kwa heshima. Yageuze yote yawe MP3 ya kilobiti 128 tena. Programu haijui kwamba wimbo ulishapunguzwa, kwa hiyo itakata upya kwenye kile kilichobaki, na matoazi yatachuruzika kuliko mwanzo. Huduma hii iite “kupunguza uzito”. Bei ni ileile.