Sifa za Spoku Iliyolegea

Tairi likitoboka hutoa upepo wote kwa mkupuo na kukuacha njiani. Cheni nayo hukatika bila hata kuaga. Katika baiskeli nzima yenye adabu ni spoku ya gurudumu la nyuma. Kwanza inalegea. Kisha inalia tik, tik, tik, tangu unapoanza kushuka kilima cha Wanyange hadi unapoingia barabara kuu ya Iganga, wiki nzima inakuarifu. Wewe unaongeza mwendo ili usiisikie. Siku ikivunjika, unaiita msaliti!

Leo naomba kuitetea, na nikishaitetea niisifu, maana wengine wamesifiwa vya kutosha. Ziwa Victoria lina wapiga picha wake, Mto Nile una watalii wake, na kahawa ya Mlima Elgon inasifiwa hadi Ulaya. Lakini kahawa hiyo ilisafiri juu ya nini? Mwaka 1976, bei ilipopaa duniani na magendo kushamiri kupitia Chepkube, penye mpaka wa Uganda na Kenya, baiskeli nazo zilivuka na magunia. Boda boda yenyewe, kabla haijawa pikipiki, ilizaliwa Busia miaka ya 1960 ikiwa baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma. Chini ya gunia na chini ya abiria palikuwa na nyaya nyembamba, unene wake milimita 2 hivi. Nani alizipigia makofi?

Sifa yake ya pili ni ukarimu. Ringi na habu hazishikwi na spoku kwa kusukumwa bali kwa kuvutwa. Kila moja inavuta kwake, na habu inakaa katikati kwa sababu hakuna anayeshinda. James Starley wa Coventry alilielewa jambo hilo alipozipanga kwa kupishana mwaka 1874. Kila gurudumu linapozunguka, spoku inayofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena. Gurudumu la inchi 26, la hizi baiskeli za gia tunazopandia milima, huzunguka karibu mara 480 kwa kilomita moja, yaani mara 48,000 kwa kilomita 100. Spoku iliyokazwa vizuri huvumilia. Iliyolegea hupinda na kunyooka, hupinda na kunyooka, hadi inakatika shingoni, pale inapoingia kwenye habu. Kufikia hapo mzigo wake imeshawagawia majirani, nao watafuata mmoja mmoja. Ofisi zinazoendeshwa hivyo tunazijua, ila spoku angalau haidai posho.

Tena ina kipaji cha kuchagua mahali. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma umejaa gia, kwa hiyo spoku za upande huo zimesimama wima zaidi na kukazwa kuliko za kushoto, ili ringi ikae katikati. Mara nyingi ndiko inakokatikia. Huwezi kuingiza mpya bila kufungua gia, na gia hazifunguki bila kifaa chake maalumu, na kifaa hicho fundi amemwazima fundi mwenzake aliyekwenda mazishini Kamuli.

Huyo fundi ndiye shahidi wangu mkuu. Anaipindua baiskeli chini ya mwembe, isimame kwa kiti na usukani. Anazibana spoku mbili mbili kwa vidole, kisha anazigonga kwa kucha: nzima inasema ting, legevu inasema tap.

“Ssebo, hii ilianza kulia lini?”

“Leo asubuhi, fundi.”

Anaitazama kutu iliyojaa penye kidonda, hasemi kitu. Anaegemeza kidole gumba kwenye fremu, ukucha ukikaribia ringi, anazungusha. Ringi inapomgusa, anakaza nati ya spoku ya upande wa pili robo mzunguko, ya upande huu anailegeza robo, anazungusha tena. Mwenye haraka akimwambia akaze zote kwa nguvu amalize, anamwangalia kwa huruma. Dhambi ya kukaza ovyo ni ringi kupinda, na ringi ikishapinda hata breki hazina pa kushika.

Na hata ikifa, spoku haizikwi. Wachoma nyama wanaitungia mishikaki. Washona magunia wanaifanya sindano. Nati yake wanaiokota watoto, wanaijaza unga wa kiberiti na kuigonga kwenye jiwe, bibi jirani anaruka na kuulaani ukoo wao mzima. Niambieni ni kiungo gani kingine cha baiskeli kinachofanya kazi tatu baada ya kufa. Pedali?

Nasikia wapo wanaosema suluhisho ni kununua gurudumu jipya. Hao ni watu wa kupenda utulivu, na hawatajua kamwe kwamba ziwa linaonekana vizuri zaidi ukiwa unatembea kwa miguu na baiskeli begani.

Wewe unayejiandaa kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi, funga spoku tatu za akiba kwenye fremu kwa mpira wa tyubu. Lakini angalia urefu kabla ya kulipa: za upande wa gia huwa fupi kuliko za kushoto kwa milimita moja au mbili, na muuza duka atakuapia kwamba zote ni sawa.