Farasi Waliobaki Tanga

Hakuna fedheha mbichi mjini Arusha kama ya Land Rover iliyotoka ovahoo jana. Injini imepakwa rangi ya fedha, ekzosi mpya inanguruma hadi Sanawari, na mwenye gari amewaita majirani na shemeji waje waione ikipanda. Kweli inapanda. Ikifika katikati ya mwinuko wa kwenda Ilboru inaanza kupumua kwa shida, inatema moshi mweusi, mshale wa joto unalala kulia, na bajaji yenye abiria watatu na gunia la viazi inaipita, dereva wake akipiga honi ya pole. Mvuke haujaisha kuruka, machalii wa kijiweni wamekwisha kutoa hukumu: gari kuukuu. Fundi, akipigiwa simu, anatoa hukumu yake: spea feki. Mwenye gari anatoa ya tatu, inayomhusu fundi mwenyewe, na hiyo haichapishiki. Zote tatu zimetolewa bila kumwita shahidi mkuu, nacho ni kipimo.

Ninachodai ni hiki: injini kongwe ya silinda nne ikishindwa mlima mjini humu, mara nyingi kosa haliko kwenye umri wake. Liko kwenye namna tunavyoijenga upya, kwa sikio, kwa kiganja na kwa imani, huku fedha zikienda kwenye vile vinavyoonekana boneti likifunguliwa. Chukua injini ya petroli ya Land Rover, ile ya lita mbili na robo iliyokuja na Series II mwaka 1958. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47, pistoni inasafiri milimita 88.9, jumla cc 2,286. Uwiano wake wa mbano ulikuwa 7 kwa 1 na nguvu zake takriban farasi 70. Ni injini ya shamba, chuma kitupu, kranki yake ikishikiliwa na metali tatu tu, yaani biringi zake kuu, hadi mwaka 1980 zilipofanywa tano. Haikuundwa kwa ajili ya fahari, lakini fahari imeifuata. Oktoba 2024 Arusha ilijaza Land Rover za kila rika katika tamasha la kuwania rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, iliyokuwa Ujerumani tangu 2018, na mji mzima ukapiga makofi. Makofi, hata hivyo, hayakazi nati.

Tuanze na farasi wenyewe, maana hapa ndipo mambo yanaponoga. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Injini isiyo na tabo haina ujanja wa kujitafutia hewa. Pistoni inashuka, inaacha nafasi, na hewa ya nje ndiyo inayojisukuma kuingia. Msukumo ukiwa hafifu, hewa inayoingia ni chache, na petroli inayoweza kuungua nayo inakuwa chache. Kwa hiyo katika wale farasi 70, kumi hivi wamebaki Tanga wanapunga upepo wa bahari, na hakuna fundi aliyewaiba. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, karibu robo ya kikosi imekwisha kutoroka. Mlima Meru na mita zake 4,566 tuuache. Huko hata mtu mwenye mapafu mazima analalamika.

Mwenye gari hana habari za watoro hao. Anachojua ni kwamba gari ni zito, basi anaagiza nguvu ziongezwe, na hapo ndipo hedi inapopelekwa kuchongwa. Wazo lenyewe si la kipuuzi hata kidogo. Kwa hakika ni zuri kuliko anavyojua anayeliagiza. Uwiano wa 7 kwa 1 maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni takriban cc 95 kwa kila silinda. Ukitaka 8 kwa 1, nafasi hiyo ishuke hadi kama cc 82. Sasa sikiliza maajabu: piga hesabu ya gesi inayobanwa haraka, utakuta kwamba hewa nyembamba ya Arusha ikibanwa 8 kwa 1 inafikia shinikizo karibu sawasawa na lile la hewa nzito ya Tanga ikibanwa 7 kwa 1. Kiwanda chenyewe baadaye kiliuza injini hiyo hiyo kwa 8 kwa 1. Watoro wote hawarudi, kwa sababu umebana vizuri zaidi hewa ile ile chache, hukuiongeza; lakini robo hivi ya hasara inaweza kurejea bila kuongeza tone la petroli. Kwa injini iliyoundwa kabla ya uhuru wa Tanganyika, hiyo ni heshima kubwa.

Shida inaanza pale neno "kuchonga" linapobaki bila tarakimu. Ili kupunguza zile cc 13 na ushei, hedi lazima ipoteze si chini ya milimita 2, na huwa ni zaidi, kwa sababu chumba cha kuunguzia ni chembamba kuliko silinda. Kinachochongwa kwa kawaida ni kiasi cha kufuta alama za gasketi ya zamani, sehemu ndogo tu ya milimita, halafu mteja anaambiwa injini imeongezwa nguvu. Akiangukia gereji yenye moyo mkuu, kinachongwa kingi, lakini hakuna anayekumbuka kwamba roka zimesimama juu ya hedi. Hedi ikishuka, roka zinashuka nayo, huku pushi rodi zikibaki na urefu wake wa kuzaliwa. Valvu sasa zinasukumwa kabla ya wakati wake, hazifungi sawasawa, zinaungua kingo, na mbano uliolipiwa unatokea kwenye ekzosi. Fila ya kupimia upenyo wa valvu, robo ya milimita katika injini hii, ingelifichua hilo kwa dakika chache. Rula ya chuma iliyonyooka ingeonyesha kama hedi imepinda. Badala yake hedi inapitishiwa kiganja, kiganja kinaridhika, na boliti zinakazwa na kijana mwenye mabega mapana, kwa mpangilio anaoupenda yeye. Gasketi, ambayo haijui kuheshimu mabega, inapasuka pale boliti moja ilipokazwa kidogo kuliko jirani yake.

Baada ya hedi huagizwa kabureta kubwa, nayo ndiyo kichekesho kifupi kuliko vyote: injini inalilia hewa, sisi tunaiongezea petroli. Kabureta yoyote ya kawaida inayopandishwa mlimani tayari inamimina zaidi ya inavyotakiwa, ndiyo maana plagi zinatoka nyeusi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, kitu kidogo kama punje ya mchele, ambacho hakionekani na hakimvutii shemeji.

Watakaonipinga wapo, na wa kwanza wana hoja nzito. Watasema kuwa mafundi wa Unga Limited na Ngarenaro wamezikimbiza gari hizi miaka nenda rudi bila maikromita, kwa sikio tu, na bado zinapeleka watu Longido na Simanjiro. Nakubali, tena bila kununa. Sikio la fundi mzoefu ni chombo halisi. Anapozungusha distribyuta taratibu injini ikiwa inanguruma na kusimama pale mlio unapokuwa mtamu, anafanya jambo ambalo kitabu cha kiwanda hakikumfanyia: hewa nyembamba inaungua polepole, kwa hiyo cheche inatakiwa iwahi zaidi kuliko Tanga, na sikio limeligundua hilo bila barometa. Lakini sikio linasikia kile kinacholia. Upenyo kati ya kranki na metali yake, ambao ni sehemu chache tu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele, haulii. Unakaa kimya hadi siku unapolia, na siku hiyo kranki imekwisha kwaruzika. Kuupima hakuhitaji maabara. Upo uzi laini wa plastiki unaolazwa juu ya kranki. Metali inakazwa, inafunguliwa, na upana wa uzi uliobonyezwa unalinganishwa na alama za kwenye pakiti yake. Kazi ya nusu saa, na hakuna lugha ya kubembeleza inayotakiwa.

Wa pili watasema: kwa nini kuhangaika, weka injini ya dizeli ya Toyota. Wengi wamefanya hivyo na wanakula maisha. Ila bamba la kuunganisha giaboksi lisipopimwa katikati yake litakula biringi, na atakayelifunga ni yule yule, kwa kiganja kile kile.

Wa tatu ni wale wanaoamini kwamba ushindi ni nguvu. Hao wakumbushwe mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya silinda nne, lita 1.6, iliyoendeshwa na Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff. Mwaka 1968 matope yakarudi, yakamaliza 7 tena, na wawili hao wakashinda tena kwa Peugeot 404. Mercedes za silinda sita zilikuwa zimekwisha kushinda miaka ya nyuma, kwa hiyo si kwamba nguvu hazikuwapo. Ni kweli, matope na dereva walichangia. Hata hivyo dereva hodari hawezi kuikingia metali iliyofungwa legelege kwa maelfu ya kilomita.

Kuhusu joto sitacheka tena. Kwa mwinuko wa Arusha maji yasiyofunikwa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta, kwa kubana shinikizo, unakisogeza kiwango hicho hadi zaidi ya 110. Maana yake ni kwamba kile kifuniko chenye springi iliyolegea, au kile kilichofungwa kwa kitambaa, kimekunyang'anya zaidi ya nyuzi 10 za usalama kabla hujawasha gari. Kisha themostati inang'olewa na kutupwa, eti inazuia maji. Matokeo ni injini inayotembea baridi asubuhi nzima, ikisaga ringi zake kwa oili isiyopata moto, na bado inachemka jioni kwa sababu tatizo lilikuwa mfuniko. Mtu analipishwa ovahoo ya pili kwa kosa la kitu cha bei ya chakula cha mchana. Vumbi laini la volkano kutoka barabara za Monduli linamaliza kilichosalia, hasa pale filta ya zamani ya bakuli la oili ilipotolewa kupisha filta inayong'aa.

Ukimuuliza fundi mbona hapimi, atakwambia ukweli ambao wenye magari hawaupendi: halipwi kupima. Mapatano yetu ni ya kazi nzima, bei ikabanwa hadi ikatoa machozi, na mwenye gari anapita gereji saa nne kuuliza mbona hasikii nyundo. Fundi aliyeinama na maikromita anaonekana amekaa tu. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo, na TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, iko Njiro. Vijana wamefundishwa kusoma vipimo hivyo, halafu wanaingia gereji ambazo chombo cha gharama kubwa kuliko vyote ni kopo la rangi ya fedha. Kitabu cha injini kikipatikana ni cha Kiingereza na kinazungumza inchi. Basi tuwalipe siku ya kupima kando, kabla ya bei ya kazi kutajwa, na tudai karatasi moja: kipenyo cha kila silinda, saizi ya kila shingo ya kranki, hedi imechongwa kiasi gani. Najua jibu litakalokuja, kwamba karatasi haiendeshi gari. Lakini mwakani mwenye gari huyo huyo atasimama dukani Kilombero kununua metali, muuzaji atamuuliza kranki imechongwa saizi ngapi, kumi, ishirini au thelathini, naye atampigia simu fundi yule yule aliyemtukana pale Ilboru.