Historia Mbadala, Bei Ileile

Nina ugomvi na watu wanaosahihisha yaliyopita. Sisemi wanasiasa, hao nimeshawazoea. Nasema hawa vijana wanaokesha wakibuni historia ya makampuni ya katuni ya Marekani: nani angemnunua nani, mkanda gani wa video ungeshinda, na nembo ya mwaka 1987 ingekuwa na rangi gani laiti mambo yangekwenda vingine. Wanaiita historia mbadala. Mmoja wao ni mpwa wangu. Anaishi kwangu, na umeme anaotumia kuisahihisha Marekani unatoka kwenye Luku yangu.

Kijana huyu alizaliwa wakati deki za video zimeshahamia uvunguni mwa kitanda. Hajawahi kusikia deki ikitafuna mkanda usiku wa sikukuu, ukumbi umejaa wageni. Hajui kwamba utepe uliotafunwa hunyooshwa kwa vidole na dua, na ukikatika huungwa kwa selotepu. Lakini muulize kaseti ambayo haikuwahi kutengenezwa ilikuwa na nyota ngapi kwenye kasha, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nani ataosha vyombo vya jana usiku, kimya.

"Mjomba, huku Betamax ilishinda," aliniambia juzijuzi, macho kwenye kompyuta.

"Huku wapi?"

"Kwenye taimlaini yangu."

Nikamuuliza kama kwenye hiyo taimlaini yake kodi ya nyumba imeshalipwa. Akavaa visikilizio.

Kubuni si kosa, hata mimi hubuni nikiulizwa mshahara wangu. Kinachoniudhi ni kwamba historia ya kweli ya biashara hii ina vituko kuliko vyote anavyotunga yeye, na kwamba katika kupanguapangua kwake kote hajagusa kitu kimoja ambacho kingestahili kupanguliwa.

Chukua mwaka 1957. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa wametengeneza Tom and Jerry tangu 1940 ndani ya MGM, na katuni hizo zilishailetea kampuni tuzo 7 za Oscar. Wahasibu wakakaa na kalamu zao. Wakaona katuni za zamani zikirudishwa kwenye majumba ya sinema zinaingiza karibu sawa na mpya. Sasa mpya za nini? Simu ikapigwa, idara ikafungwa. Katika historia ya mpwa wangu simu ile haikupigwa, kwa sababu kuna mhasibu mmoja aliamka na huruma. Naweza kuamini mambo mengi, lakini hapo nimeshindwa.

Hanna na Barbera wakaanzisha kampuni yao, na inasimuliwa kwamba jina la nani litangulie waliliamua kwa kurusha sarafu. Mpwa wangu ana ukurasa mzima juu ya ulimwengu ambamo sarafu ile iliangukia upande wa pili, kampuni ikaitwa Barbera-Hanna. Nembo ameshaichora, B imetangulia, ina kivuli. Nilipouliza ni kitu gani kingine kilichobadilika katika ulimwengu huo, alifikiri sana. "Hakuna, Mjomba. Ila inapendeza."

Waliyoyafanya Hanna na Barbera baada ya hapo ndiyo ya kusimulia. Televisheni haikuwa na fedha za sinema, kwa hiyo wakajifunza kubana. Yogi yule dubu akavalishwa kola na tai ili kichwa kiwe kinachorwa peke yake na kiwiliwili kitulie palepale. The Flintstones ilipoanza kwenye ABC mwaka 1960, Fred alikuwa anakimbia sebuleni mwake akipita taa ileile, dirisha lilelile, taa ileile, dirisha lilelile, mpaka ukadhani nyumba ile imeanzia Ubungo na mlango wa nyuma uko Kibaha. Walitoa vipindi 166 kwa mtindo huo. Mimi nilipoliona lile dirisha linapita tena na tena ndipo nilipoielewa biashara nzima: dirisha ni moja, kuuzwa ni mara nyingi.

Na kampuni yenyewe nayo ikauzwa. Miaka ya 1960 ilichukuliwa na Taft. Mwaka 1991 ikaenda kwa Turner kwa dola milioni 320. Huyu Ted Turner alikuwa ameshainunua MGM mwaka 1986 na kubaki na hazina yake ya filamu za zamani, Tom na Jerry wakiwemo. Kwa hiyo paka na panya waliotenganishwa na baba zao kwa simu ya mhasibu wakakutana na ndugu zao chini ya tajiri mmoja. Tajiri akafanya nini? Mwaka 1992 akafungua Cartoon Network, stesheni iliyoanza ikisimama juu ya katuni za zamani. Wale wahasibu wa 1957 walikuwa wamekosea jambo moja tu: hawakujua kitu chakavu kina bei kubwa kiasi gani. Mwaka 1996 Turner naye akamezwa na Time Warner. Mpwa wangu katika ramani zake huyauza makampuni haya kwa utaratibu, kila moja na mwaka wake, kila mwaka na sababu yake. Kweli yenyewe haikuwa na adabu hiyo.

Kama huamini, sikiliza habari za sungura. Walt Disney alikuwa na sungura anaitwa Oswald kabla hajawa na Mickey. Mwaka 1928 akanyang'anywa, maana haki zilikuwa za Universal. Miaka 78 ikapita. Mwaka 2006 kampuni ya Disney ikamrudisha sungura wake. Kwa malipo gani? Kwa mtangazaji wa michezo. Al Michaels alikuwa na mkataba upande wa ABC na ESPN, stesheni za Disney, alitaka kwenda NBC, na NBC ilikuwa nyumba moja na Universal. Wakubwa wakakaa mezani: chukueni mtangazaji, tupeni sungura, na haki chache za kurusha michezo juu yake. Ningemletea mpwa wangu kisa hicho kama nimekitunga mimi, angekifuta. Angesema hakina mantiki.

Au kesi ya Betamax. Mwaka 1976 Universal na Disney waliishitaki Sony, wakitaka Betamax, mashine yake ya kurekodi televisheni nyumbani, ihesabiwe kuwa chombo cha wizi. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1984 Sony ikashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji mmoja tu angeamkia upande mwingine wa kitanda, na kitufe cha kurekodi kingekuwa ushahidi polisi. Hapo walau mpwa wangu ana haki ya kukesha. Lakini tazama kilichotokea kweli. Sony ilishinda kesi ikapoteza soko, kwa sababu VHS ya JVC ilikuja na mkanda wa saa mbili wakati ule wa Betamax ulipoanza ulikuwa wa saa moja, na filamu haiishi kwa saa moja. Mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kutengeneza mashine za VHS. Disney aliyeshindwa mahakamani ndiye aliyekuja kutajirika kwa kaseti.

Hapo ndipo nataka mpwa wangu aweke kalamu chini anisikilize. Mwaka 1985 Disney walitoa Pinocchio kwenye kaseti kwa dola 79.95. Krismasi ilipokaribia wakaishusha hadi 29.95, na aliyenunua mapema akabaki na risiti. Kisha filamu zikawa zinauzwa kwa muda, zinafungiwa stoo miaka kadhaa, halafu zinatolewa tena kama mwali aliyetoka ndani. Pinocchio alirudi kwenye kaseti mwaka 1993, akarudi tena 1999. Pinocchio yuleyule, na pua ileile. Angeandika yeye mwenyewe lile tangazo la "toleo jipya", pua hiyo ingevuka bahari.

Na kila mara kasha linabadilishwa jina. Kuanzia 1984 zilikuwa The Classics, zenye almasi nyeusi mgongoni. Mwaka 1994 zikawa Masterpiece Collection. Mwaka 2000 ikaingia dhahabu, 2001 platinamu, 2009 almasi tena, safari hii kwa jina kamili. The Lion King ilipotoka kwenye kaseti mwaka 1995 iliuza nakala zaidi ya milioni 30. Ikarudi kwa DVD ya platinamu mwaka 2003, ikarudi kwa Blu-ray ya almasi mwaka 2011. Simba amepanda cheo mara zote hizo wala hajaota hata sharubu. Siku hizi kuna watu wanaoweka kaseti zao za almasi nyeusi mnadani mtandaoni wakitaka maelfu ya dola kwa kitu kilichochapishwa kwa mamilioni.

Huku kwetu nembo haikutupa shida hiyo, kwa sababu hatukuiona. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara stesheni zilianza 1994, kwa hiyo kwa miaka mingi mkanda ndio uliokuwa televisheni. Mkanda wenyewe ulikuwa nakala ya nakala, una chenga mwanzo mpaka mwisho, na mahali pa nembo pameandikwa kwa kalamu ya wino: "KATUNI 3, USIFUTE." Baadaye kwenye vibanda umiza vya video watu hawakuuliza filamu ni ya studio gani. Waliuliza imetafsiriwa kwa Kiswahili na msimulizi Lufufu au la. Sauti ya Lufufu ndiyo iliyokuwa nembo, na haikuhitaji almasi mgongoni. Adha tuliyokuwa nayo ni ya mwenye duka la kukodisha, aliyekutoza faini kwa mkanda ambao haukurudishwa mwanzo, hata kama aliyeuacha katikati ni jirani yako aliyeukodi kabla.

Ila la kuuziwa kitu kilekile hatukuliepuka. Harusi ya dada yangu, mama wa huyuhuyu bingwa wa taimlaini, ililipiwa ikaingia kwenye kaseti. Deki zikafa, ikalipiwa kuhamia kwenye DVD. Laptopu zikaacha kuwa na mahali pa kuingiza sahani, ikalipiwa kwenda kwenye flashi. Kila hatua fundi anasema ameiboresha, na kila hatua shemeji yangu anazidi kuwa wa bluu. Harusi ni moja, na mahari ililipwa mara moja.

Nikamwambia mpwa wangu: basi badilisha kitu cha maana. Disney walisajili "Hakuna Matata" Marekani kuwa alama ya biashara kwenye fulana, usajili ukakamilika 2003. Wewe andika ulimwengu ambamo Waswahili waliwahi kuisajili wao, na kila fulana inayouzwa Florida inaleta senti hapa Dar.

Aligeuka akanitazama kwa huruma. "Mjomba, hiyo haina uhalisia."

Betamax kushinda ina uhalisia. Mhasibu mwenye huruma ana uhalisia. Mswahili kulipwa, hapana.

Nimezisoma taimlaini zake, maana bando pia ni langu. Katika zote makampuni yanabadilishana wenyewe, nembo zinazunguka, kaseti zinakuwa ndefu au fupi, na mnunuzi yuko palepale mlangoni na pochi mkononi, ananunua alichokinunua juzi. Hakuna hata mmoja kati ya vijana hawa aliyethubutu kumbuni mnunuzi mwingine. Na sasa hali ni mbaya kuliko kaseti, kwa sababu unalipia filamu kila mwezi, na ukiacha kulipa hubaki hata na kasha tupu la kuwekea sindano na nyuzi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaokesha ni moja. Tuandikieni historia ambamo mtu ananunua filamu mara moja, ikawa yake na ya wajukuu zake. Na wewe msomaji mwenye kaseti za zamani, usizitupe. Kiwanda cha mwisho cha deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha kuzitengeneza Julai 2016, kwa hiyo kuzitazama itakuwa kazi. Lakini hakuna atakayekuja mwisho wa mwezi kukudai.