Muuza Maturubai Haujui Upepo

Muuza maturubai ya kuviringisha hapa Kitengela atakuuliza unataka rangi gani, lenye mistari au lisilo na mistari, na jina la duka liandikwe wapi. Upepo hautaji. Utadhani hajawahi kutoka nje. Kule Vilima vya Ngong mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimikwa 1993, na Kipeto, humu humu Kajiado, mitambo 60 inazunguka. Upepo huo huo ndio unaolivuruga turubai la kibanda changu mchana, mteja akiwa na kiatu kimoja mguuni.

Nikilalamika naambiwa, "Bosi, hiyo ni orijino."

Wenye jahazi kule Lamu hawana shida hii: wanashusha foromali, wanalikunja tanga kwa mikono, basi. Lakini zile mashua za starehe za Kilifi zina tanga la mbele linalojiviringisha kwenye waya wa omo, na mwenyewe kabla hajanunua huuliza habari za beringi, unene wa waya, na kamba itaingiaje kwenye gurudumu. Lazima iingie imenyooka. Tanga likifunguliwa, mtu huishika kamba ile ikaze kidogo, la sivyo mizunguko inapandana, inakwama, na tanga halirudi tena hata upepo ukichafuka. Mimi nilipewa mkono wa chuma wa kuzungushia na risiti.

Halafu matunzo! Baharini adui ni chumvi, wanaisuuza kwa maji baridi. Adui yetu ni vumbi la malori ya barabara ya Namanga. Fundi wangu alipaka grisi kwenye beringi zilizo wazi. Vumbi likanata, grisi ikageuka msasa. Nilipomwita tena, mzee mzima akaongeza grisi. Dawa ni kufuta kwanza, kuosha, kukausha, kisha mafuta mepesi kidogo tu. Kuosha kwenyewe ni kwa maji ya kununua, maana mfereji wetu ni pambo la ukuta.

Kwa hiyo, jirani unayetaka kununua, usimlipe mtu dukani. Mwambie alitoe turubai nje, alifungue na kulikunja mbele yako, upepo ukiwa umechachamaa. Akianza kukuonyesha rangi, rudi nyumbani na pesa zako.