Kitufe cha Ukungu

Lori lililonipita lilikuwa Fuso, limejaa viazi mpaka juu ya bodi, na juu ya viazi wamekaa vijana wanne. Mmoja wao alinipungia mkono. Mimi nilikuwa napanda kutoka Uyole kwenda Isyonje, nimekanyaga mafuta hadi mwisho, na Mark II yangu, GX100 ya silinda sita, inakoroma kama mzee aliyelala chali. Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa kiti cha pembeni. Hakusema neno mpaka Fuso likaishia kwenye kona. Ndipo akageuka, akanitazama kwa huruma, akasema, "Shemeji, gari lako lina pumu."

Ningecheka, yakaisha. Lakini mwanaume aliyepungiwa mkono na mtu aliyekalia viazi hana pa kuuficha uso wake.

Tulitendee gari haki. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku juu mgandamizo wa hewa umebaki kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na injini inayojivutia hewa yenyewe hupungukiwa nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho. Yaani katika kila farasi watano niliouziwa, karibu mmoja amebaki Dar es Salaam, anapunga upepo Coco Beach. Hayo nilimweleza Shemeji. Akasema dawa ipo.

Shemeji alisoma ufundi magari mwaka mmoja akaacha, na elimu ya mwaka mmoja ndiyo elimu ya hatari kuliko zote, kwa sababu inatosha kufungua kitu. Alinichambulia hivi: tabo huzungushwa na moshi unaotoka injini, hivyo utakata ekzosi na kuhangaika. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, kama alivyo alteneta. "Unaifunga, unaivalisha mkanda, basi." Siku hizi mtu akimaliza sentensi kwa neno "basi" huku ameshika spana, mimi huondoka.

Baba mkwe alipopata habari aliniita. Yeye ni Mfipa wa Sumbawanga, mtu wa maneno machache. Nilimwambia ni kama mvukuto wa mhunzi, unapulizia moto hewa ya ziada. Akatikisa kichwa. Akaniambia wazee wao Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri refu kumzidi mtu, na tanuri lile lilijivutia hewa lenyewe kutoka chini. Mvukuto ulikuja baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia. "Tanuri likijengwa sawasawa, mwanangu, halihitaji kupulizwa." Nikaitikia kwa heshima, nikatoka nje kumpigia simu muuza spea wa Ilala.

Na mzee hakuwa mbali na ukweli. Mashine yenyewe ilizaliwa tanurini: ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, waliisajili mwaka 1860, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupuliza hewa kwenye matanuri ya chuma. Gari la petroli lilikuwa halijazaliwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nanunua mvukuto kweli kweli, ila wa laki nane.

Niliyoipata ni SC14, iliyotolewa kwenye Estima ya miaka ya 90, zile ambazo injini imelazwa chini ya viti. Ilikuja kwa basi ndani ya kiroba kilichoandikwa "mchele". Kondakta alikiinua, akakirudisha chini, akaniuliza huu mchele ni wa mbegu gani.

Namba 14 katika jina lake ina maana: ikizunguka mara moja inasukuma hewa lita 1.4 na ushee. Injini yangu ni sisi 1,988, na kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa mzunguko mmoja inameza chini kidogo ya lita moja. Maana yake, puli zikiwa sawa kwa ukubwa, unaishindilia lita moja na karibu nusu mahali pa lita moja. Waliolea watoto wanajua mtoto anayeshindiliwa uji anafanya nini.

Kazi ilianza Jumamosi saa mbili asubuhi chini ya mparachichi wetu, tuwe tumemaliza kabla ya chakula cha mchana. Ilikwisha baada ya wiki tano. Beseni la kukandia unga wa chapati lilitekwa siku ya kwanza kuwekea nati na bolti, na mke wangu akatangaza kwamba chapati katika nyumba hii zimesimama mpaka beseni lirudi. Bolti moja ndefu ilitoweka. Tuliitafuta siku nzima, tukaipata imevalishwa kitambaa, imelazwa kitandani, ina jina. Binti yetu wa miaka minne alilia ilipotoka usingizini kwenda kazini.

Supachaja haina pa kukaa kwenye injini isiyozaliwa nayo, kwa hiyo ilihitaji kikalio cha chuma. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu ni hodari, ila maisha yake yote ametengeneza magrili ya madirisha. Alituletea kikalio imara, kilichonyooka, na mwishoni amekipinda ua. Nilimuuliza ua la nini. Akasema, "Bosi, sikuweza kuliacha wazi." Ua lile lipo mpaka leo. Ukifungua boneti ndilo linalokusalimu kwanza.

Mkanda tulinunua mara tatu, wa kwanza mrefu, wa pili mfupi, wa tatu wa gari jingine. Shemeji akapendekeza mkanda wa mashine ya kusaga mahindi. Nilimkatalia kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Tulipoiwasha mara ya kwanza ilivuta vizuri dakika mbili. Kisha ikaanza kugonga: sauti kama karanga zinatikiswa ndani ya kopo. Hewa ukiibana inapata moto. Shika mdomo wa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, utanielewa. Hewa ya moto ikiingia silinda iliyokwisha kuwa na mbano mkubwa, petroli inalipuka bila kungoja wakati wake. Toyota wenyewe walipofunga supachaja ndogo, SC12, kwenye injini ya 4A-GZE, walianza kwa kushusha mbano hadi 8 kwa 1. Sisi hatukuwa tumeshusha kitu chochote isipokuwa boneti.

Hapo nilimtafuta fundi wa kweli. Alitazama, akatabasamu alipoliona ua, akarudisha moto nyuma kidogo, akaongeza petroli, na akaibadilishia supachaja puli kubwa zaidi ili izunguke polepole. "Sasa itakupa kama asilimia 30 juu ya hewa uliyokuwa nayo," akasema. "Usiombe zaidi."

Usiku nilikaa na kalamu. Asilimia 82, zidisha kwa moja nukta tatu, unapata 107 hivi. Toa nguvu inayoliwa na mkanda wenyewe, toa joto. Unabaki na mia. Wiki tano, laki nane, ukame wa chapati, na matokeo yake gari langu lililopo Mbeya lina nguvu sawasawa na gari lile lile likiwa limeegeshwa Kigamboni bila kuguswa. Karatasi ile niliichana vipande vidogo. Shemeji hajui mpaka leo, na nakuomba usimwambie.

Kitu kimoja Toyota walikitengeneza kwa akili: supachaja ile ina klachi ya umeme, kwa hiyo unaweza kuizima usipoihitaji. Ilitaka swichi. Mimi nilitaka kununua swichi, Shemeji akasema ya nini, kwenye dashibodi kuna kitufe kisicho na kazi, kile cha kukausha ukungu kwenye kioo cha nyuma. Nyaya za kioo zilikuwa zimekatika tangu gari lije. Akaunganisha hapo. Ukibonyeza, kitaa cha rangi ya machungwa kinawaka na gari linapata pepo.

Zikabaki tairi. Nguvu ipo, sasa lazima ishike barabara. Mark II inasukumwa na magurudumu ya nyuma huku injini imekaa mbele, na sisi tulikuwa tumepaongezea hapo mbele mzigo wa chuma na ua. Nyuma pamebaki pepesi kama kapu lililokwisha kuuzwa nyanya.

Rimu za kwanza nilizonunua zilikuwa za Subaru Impreza. Nzuri, zinang'aa, tundu tano, na gari langu lina tundu tano. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Sikujua kwamba tundu za Impreza zimepangwa kwenye duara la milimita 100 na za Mark II kwenye duara la 114.3. Nilishinda mchana mzima nikijaribu kuizungusha rimu, kana kwamba kuna upande itakaokubali.

Za pili zilikuwa zenyewe, inchi 17. Nilitoa tairi za zamani, 195/65R15, nikaweka 225/45R17. Hesabu hapa niliipiga vizuri na ninajivunia: tairi hizo mbili, zote zina kimo cha milimita 634 hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kilichobadilika ni upana, na ubavu wa mpira uliopungua kutoka milimita 127 hadi 101. Mashimo ya barabara yetu yakanifahamisha tofauti hiyo siku hiyo hiyo.

Tairi zenyewe ni za mtumba. Muuzaji alinionyesha kashata zilivyosimama wima, bado nene, na maandishi ubavuni: TRACTION A. Nikaona nimefika. Nimekuja kujua baadaye kwamba herufi ile ni alama ya mtihani wa kufunga breki kwenye lami na zege iliyolowa. Tope halikuwepo chumba cha mtihani. Na pembeni kulikuwa na namba nne nisizoziuliza: 1108. Wiki ya 11, mwaka 2008. Kashata zilikuwa nene kwa sababu mpira ulikwisha kuwa mgumu kiasi kwamba hauwezi tena kulika. Ukiukandamiza kwa kucha, kucha ndiyo inayobaki na alama.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa Machi baba mkwe akaomba tumpeleke ng'ambo ya Isyonje akachukue viazi vya mbegu. Yeye mbele, Shemeji nyuma. Kupanda lami tulipanda vizuri, nakiri. Nilipita Fuso mbili. Sikumpungia mtu mkono, ila nilipunguza mwendo kidogo ili nionekane.

Lami tuliiacha, tukaingia njia ya udongo. Mvua ya usiku ilikuwa imeipaka sabuni, na ukungu wa milima ya Uporoto ukashuka mpaka sikuona nembo ya boneti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimezima supachaja, natambaa gia ya kwanza, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Baba mkwe alikuwa ametulia. Aligeuka nyuma, akatazama, akaona kioo cha nyuma kimejaa ukungu. Akatazama dashibodi. Akaona kitufe kina picha ya kioo na mawimbi matatu. Mzee anajua kusoma alama, na anapenda kusaidia.

"Hapana Baba—" nilisema.

Kitaa cha machungwa kikawaka. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kama feni, matako ya gari yakaamua kutangulia, na sisi wanne, nikilihesabu na ua, tukaingia mtaroni kinyumenyume, polepole, kwa heshima kabisa, kama watu wanaoagana na mfalme.

Kimya. Kisha baba mkwe akasema, "Kioo bado kina ukungu."

Tulisukuma. Tairi pana zilielea juu ya tope kama sinia. Mpira mwembamba ungelikata tope ukatafuta ardhi ngumu chini yake. Zangu zilijaa udongo, zikawa maandazi. Nilipunguza upepo, haikusaidia sana. Akatokea mama mmoja mwenye shamba, jembe begani, akatutazama bila haraka.

"Baba, gari lako halina kitu nyuma," akasema. "Litashikaje? Pakieni."

Nimekuwa nikilalamika kuhusu lumbesa kwa miaka, kwamba gunia linalozidi kilo 100 na kufungwa kilemba cha nyavu juu yake ni wizi wa mchana. Siku ile niliomba lumbesa mbili na nikasihi zisipunguzwe hata kiazi. Moja ilikwenda buti, tukaifunga buti kwa kamba. Ya pili ilikaa kiti cha nyuma, na Shemeji akaikumbatia. Nikakata supachaja, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi kidogo kidogo. Mark II ikanguruma, ikazama, ikashika, ikatoka. Yule mama alikwishageuka zamani, anaendelea na tuta lake.

Kitufe cha ukungu sasa kina plasta juu yake, ile ya kidonda. Nimerudishia tairi 195, mpya, na wakati wa masika gunia moja linakaa kwenye buti moja kwa moja. Tunalila kutoka juu na kuliongeza. Beseni limerudi jikoni, lakini mke wangu anasema chapati zinanuka grisi, na ni kweli zinanuka.

Zile rimu za Impreza bado ninazo, nne, hazina mkwaruzo, na bei tutaelewana. Mwenye Subaru aje nyumbani azitazame chini ya mparachichi. Mwenye Mark II asije, hata kama amehesabu tundu.