Halb Neun

Jirani, vuta kreti ukae nikupe mkasa. Ila usiniulize kama siku hizi naongea Kijerumani. Mtaa mzima unaniuliza. Mangi wa duka akiniona tu anapaza sauti "Guten Morgen!" hata kama ni magharibi. Wateja wanacheka. Deni langu la sukari liko kwenye daftari lake, kwa hiyo na mimi nacheka.

Tamaa ndiyo iliyoniponza. Nilisikia kwamba Ujerumani ukisomea unesi unalipwa huku unasoma. Ausbildung, wanaiita. Si unajua Wajerumani ndio waliotuachia neno shule? Na neno hela pia ni lao, lilitoka kwenye Heller, ile sarafu waliyotuletea mwaka 1904. Shule mimi sikuikosa. Hela ndiyo ninayoifuata.

Nikaanza kozi ya Kijerumani. Ngazi ya A1 nikapita kwa kutaja jina langu. A2 nikapita kwa kuagiza supu. Nikavimba kichwa, nikaingia B1 na shati jipya. Jamani! Mtihani wake una vipande vinne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila kimoja wanataka 60 kwa 100. Darasani nimezungukwa na watoto wa miaka 19. Wananiita anko. "Anko, umeelewa?" Anko hajaelewa.

Chukua kijiko tu. Der Löffel, dume. Uma, die Gabel, jike. Kisu, das Messer, si dume si jike, kipokipo tu. Mwalimu ananishangaa: nyie Waswahili mna ngeli chungu nzima, hizi tatu zinakushindaje? Mwalimu, zetu ukisema kijiko, vijiko, ngeli imeshajitaja yenyewe. Hizi zenu zimefichwa wapi? Nikasusa. Nikasema nitakula kwa mkono, yaishe. Roho ikaniwasha, nikafungua kamusi. Die Hand. Mkono nao jike! Miaka 38 natembea nayo miwili na hakuna aliyenidokeza.

Kitenzi sasa, ndio balaa. Ukitia "weil", yaani kwa sababu, kitenzi kinatimkia mwisho wa sentensi. Kwenye kusikiliza, spika inanimwagia: kwa sababu yule bwana, na mkewe, na mbwa, jana, stesheni, kwenye mvua... Nangoja. Nangoja. Kitenzi kikitokea, bwana mwenyewe nimeshamsahau. Ni kama fundi wangu wa nguo. Anaanza na habari za umeme kukatika, anapitia kwa mama mkwe, anaulizia hadi watoto, mwisho kabisa ndio anakwambia "sijashona".

Lakini hayo yote nilikuwa nayameza. Kilichonimaliza ni saa.

Juzi mwalimu katuma meseji: Jumamosi, mazoezi ya kuongea, halb neun. Nikatabasamu. Halb ni nusu, neun ni tisa. Saa tisa na nusu. Wala sikugusa kamusi, nilijiona Mjerumani kamili. Jumamosi nikafua kwa raha zangu. Nikala ugali kwa mkono wangu jike. Nikapiga pasi shati, nikapanda daladala. Kufika chuoni, geti limefungwa, mlinzi anakunywa chai. Nikamwambia, mzee wangu, nina mazoezi hapa, halb neun. Akanitazama kuanzia viatuni. "Wenzako wameondoka tangu saa sita, mwanangu."

Kumbe halb neun ni nusu ya kuielekea tisa, maana yake nane na nusu. Na hiyo nane yenyewe ni ya saa za Kizungu. Kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi! Nimechelewa saa saba kamili, bila dakika ya ziada. Mlinzi akaniona nimenywea, akanimiminia chai. Akaniuliza chai kwa Kijerumani inaitwaje. Hapo nikanyoosha mgongo. Die Tee, nikamwambia. Akairudia mara tatu, kaipenda kweli. Usiku kamusi ikaniambia ni der. Sasa tuko wawili.

Jumamosi hii tumeitwa tena. Halb zehn. Safari hii sibahatishi, nimekwenda kwa Mangi, mtu wa mahesabu. Halb ni nusu, nikamwambia, zehn ni kumi. Kapiga kikokotoo. Nusu ya kumi ni tano. Saa tano kamili nitakuwa getini.